Kikande Niliyemwachia

Mjukuu wangu Salma,

Salaam nyingi kutoka huku ughaibuni, Woolwich. Shangazi yako mzima, ila zamu za hospitali zinamchosha. Hataki niandike kwa mkono, ati nikutumie sauti kwa simu. Nimekataa. Herufi zangu zimepinda lakini ni zangu.

Umeniuliza kama kwetu Pwani tulikuwa na mnyama kama huyo fisi maji wa huko Kanada, anayewala fuma, wale viumbe wa mviringo wenye miiba, wasije wakamaliza mimea ya bahari. Mnyama hatukuwa naye. Tulikuwa na samaki, kikande, mwenye meno ya kuvunja fuma. Na hakuna aliyemtega kikande kunishinda mimi, uliza yeyote.

Siku moja naopoa dema langu, mtego wangu wa samaki, bibi yako, wakati huo binti anachokoa pweza mwambani, akanicheka. "Ewe fundi! Ukiwamaliza kikande, fuma watakula nyasi zote za bahari. Huyo samaki tafi unayempenda, anayeishi kwa nyasi hizo, utamvua wapi, kichwani mwako?"

Mimi sishindwi maneno. Lakini kesho yake nilifungua dema nikamwachia kikande mmoja mkubwa, nikawaambia wenzangu kaniuma. Bibi yako aliniona. Akacheka hata kapu likamwanguka. Mwaka huo huo nikapeleka posa.

Sasa Mungu kamchukua, na huku hakuna wa kunibishia.

Likizo ukifika kwetu, maji yakipwa, teremka ufukweni utazame. Ukiona nyasi bado zipo, niandikie upesi. Zikiwa zimekwisha, niandikie habari nyingine.

Babu yako.