Amplifaya Inarudi Dukani

Mama Tatu,

Nyaya za sebuleni msiziguse, bado nazifunga. Maharage nimeyaepua, yatie chumvi tu.

~~Nimeamua tuchukue amplifaya hii ya bei ya juu.~~ Hapana. Tunachukua ya kawaida.

Asubuhi uliponitania mbele ya mama yako, "Baba Tatu kaleta redio inayovaa miwani," niliumia kidogo. Hata mimi sikuwa na hakika. Muuzaji anadai inang'arisha picha za zamani, na Jumamosi ndugu zako wa Ipuli wanakuja kutazama mkanda wa harusi yetu. Sikutaka marehemu baba yako aonekane kama yumo kwenye ukungu.

Ulipokwenda sokoni nilimwekea mama yako mkanda kwa kupitia amplifaya, kisha nikaunga deki moja kwa moja kwenye televisheni. Sikumwambia ipi ni ipi. Mara zote mbili aliliona kovu la mzee kidevuni, sawasawa. Kumbe televisheni yetu inaing'arisha picha yenyewe.

Nikamuuliza, "Mama, mzee anacheka nini pale?"

"Alikuwa ananinong'oneza, 'Binti yetu kapata mtu asiyekurupuka.'"

Miaka yote hii sikulijua hilo. Nimekirudia kipande kile mara tatu.

Naipeleka amplifaya dukani Chemchem sasa hivi, nibadilishiwe. Spika za nyuma nitazifunga kesho, kwa hiyo mama asiondoke, atanisaidia kuzijaribu. Nawe ukitaka kunicheka tena, cheka.

Mume wako asiyekurupuka,
Baba Tatu