Tapeti za Vocho la Mama

Pachuca, 3 Septemba 1996

Binti yangu mpendwa Noemí,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini kwamba kifua kilichokusumbua kimepona na kwamba maua ya bustani unayofanyia kazi hayajapigwa na baridi. Mimi ni mzima wa mwili. Usingizi tu ndio haunikai, wala mimi sikai. Niwie radhi kwa mwandiko huu, kwani nusu ya barua naiandika nimesimama.

Nimelitafakari sharti lako, nami nimelikubali. Nikilifikisha vocho, lile gari dogo la Volkswagen la marehemu mama yako, mpaka mlangoni kwako Huauchinango ifikapo siku yako ya kuzaliwa, hutaniomba tena niiuze nyumba hii na kuhamia kwako. Likinizimikia njiani, nitafungasha vitabu vyangu na kuja bila manung'uniko.

Kwa hiyo nimeanza matengenezo. Unajua kwamba tapeti, zile skrubu za kurekebisha valvu za injini, alizifunga mama yako sikuzote, kazi yangu ikiwa kumpikia kahawa. Jana nimezifunga mwenyewe. Kwa muda mrefu injini imekuwa ikigongagonga, nami kila Jumapili alfajiri nikienda ibadani nimewaamsha watu wa mtaa mzima, jambo lililonitia haya kupita kiasi. Basi nilikaza kila skrubu mpaka kelele zikaisha. Sasa injini imetulia kabisa. Don Cheo, jirani, alitoka na povu la sabuni kidevuni: “Eh, Don Eliseo! Umelipa dawa ya usingizi?” Nilifurahi, Mungu anisamehe majivuno.

Baba yako,
Eliseo


Huauchinango, 9 Septemba

Baba, shikamoo.

Kifua kimepona, maua nayo yako salama. Mimi ndiye siko salama tangu niisome barua yako. Usiliwashe hilo gari!

Baba, kelele zile hazikuwa ugonjwa. Vyuma vikipata moto hurefuka. Mama aliacha upenyo mwembamba kati ya skrubu na valvu, unene wa kile kibati chake cha kupimia, ili injini ikichemka valvu ipate nafasi ya kujifunga. Wewe umeufuta upenyo wote kwa kuwaonea haya majirani! Valvu haifungi, moto unapenya pembeni, nayo inaungua kimyakimya. Ukipanda mlima hivyo, barua ijayo utaniandikia kando ya barabara.

Na niambie ukweli: ulingoja injini ipoe? Mama alikuwa haigusi mpaka ilale usiku kucha. Nilikuwa nikijilaza naye pale chini ya gari nikimzungushia puli ya injini, ananifokea, “Polepole we mtoto, hukorogi uji wa atole!”

Kibati kimo ndani ya kopo la biskuti, chini ya sinki. Anza na silinda ya tatu, ndiyo ipatayo moto kuliko zote. Majirani wataamka. Waache waamke.

Mwanao,
Noemí


Pachuca, 16 Septemba

Binti yangu mpendwa,

Salamu za sikukuu ya uhuru. Mimi ni mzima, ila nina aibu. Uliuliza kama nilingoja. Nilingoja muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa, na hicho nacho sikukimaliza. Naomba unisamehe, na mama yako pia huko aliko.

Safari hii nililiacha gari lilale. Asubuhi nilitandika kadibodi, nikajipenyeza chini nikiwa na tai shingoni, kwa kuwa nilisahau kuivua. Niliufyatua waya unaoshikilia kifuniko cha valvu, kifuniko kikaanguka, oili ikanishukia kwenye kola. Nilizungusha puli polepole mpaka alama ikasimama juu. Valvu ya ekzosi ya silinda ya tatu haikuwa na upenyo hata wa kupitisha unywele! Nililegeza nati, nikarudisha skrubu kwa bisibisi mpaka kibati kikapita kwa kukwaruza kidogo, nikakaza nati. Nati ikaivuta skrubu pamoja nayo, nikaanza upya. Asubuhi yote ilikwenda hivyo, valvu baada ya valvu. Nilipoliwasha liligongagonga kama zamani.

Lisilojulikana ni kama ile valvu ilikwisha kuungua kabla ya kuonywa nawe. Hilo mlima ndio utakaolisema. Kwa hiyo situlii. Naketi, nainuka, natoka nje, naweka kiganja juu ya injini, kisha narudi ndani. Doña Chabela wa mkabala alinipigia kelele dirishani: “Don Eliseo, hiyo injini ina homa? Mbona unaipapasa kama mtoto mgonjwa?” Nilivua kofia nikamwomba radhi. Akasema, “Usiniombe radhi mimi, liombe gari!”

Baba yako,
Eliseo


Huauchinango, 2 Oktoba

Baba, shikamoo.

U mzima? Sijapata neno lako tangu sikukuu. Kondakta wa basi la Pachuca, anayetuletea miche, anasema ameona vocho jeupe likipanda mlima kuelekea Real del Monte, kila asubuhi, na mzee ndani amevaa tai. Nilimuuliza, “Lilikuwa linavuta vizuri?” Akanijibu, “Dada, lilinipita.” Sijui nimwamini.

Siku yangu ni Jumamosi. Kama unaogopa, sema, nami nitakuja kukuchukua kwa basi, hakuna atakayekucheka. Chumba nimekipaka rangi. Nimeweka pazia la buluu na meza ya kuandikia. Sisemi zaidi, sharti ni sharti.

Mwanao,
Noemí


Tuxpan, Veracruz, 6 Oktoba

Binti yangu mpendwa Noemí,

Nakutakia heri ya kuzaliwa, ingawa imechelewa kwa kosa langu. Mimi ni mzima. Vocho pia ni zima. Valvu haikuwa imeungua.

Najua jirani yako Doña Tránsito amekwisha kukueleza. Nilifika Ijumaa, siku moja kabla, kwa kuwa kungoja kulinishinda. Alinitolea kiti uani: “Keti, mzee, Noemí anarudi saa tisa.” Niliketi. Nikainuka. Nikaketi tena. Akaniuliza, “Kiti kina miiba, au mimi ndiye ninayekukimbiza?” Ndipo nilipoiona dirishani kazi ya mikono yako: pazia, meza, taa ya kusomea. Noemí, ni chumba kizuri mno. Niliogopa kwamba ukinikuta mbele yake nitasema ndiyo kwa adabu, kisha nitakuwa nakizunguka usiku kama ninavyoizunguka nyumba ile.

Maana nakiri kwamba nyumba niliyoipigania siwezi kukaa humo. Tangu mama yako aende, sijamaliza humo mlo hata mmoja nikiwa nimeketi. Garini tu ndimo ninamokaa tuli.

Kwa hiyo nilimwachia Doña Tránsito zile pastes, mikate ya kuoka yenye viazi ndani, nilizokununulia, nikamwomba radhi, nikaondoka. Nilikusudia kurudi Pachuca. Kwenye njia panda mkono wangu ulikata usukani kulia, barabara ikaanza kuteremka, nami sikuuzuia.

Nimelifikisha mlangoni kwako, hivyo nyumba haiuzwi. Niwie radhi kwamba bado sijairudia. Chumba nacho, kama si usumbufu, usimpangishe mtu, nitapita.

Gari limelala tangu juzi usiku hapa mbele ya nyumba ya wageni. Mwenye nyumba amenipa kadibodi. Nitapima tapeti zote, kisha nitakwenda kusini kando ya bahari. Ninaandika nikiwa nimeketi.

Baba yako,
Eliseo