Kengele ya Kahawa Namswea

Mbinga

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Macho ya mama yanaendeleaje tangu apate miwani? Na wewe, kifua kimeachia? Mimi mzima, ila baridi ya milima hii inanivalisha masweta mawili na bado meno yanagongana. Usicheke.

Nina habari, dada! Kwenye simu mtandao wa huku ungetukata katikati, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinisaili jikoni, upawa mkononi, nilipokuwa najiandaa kwa ile kazi ya umeneja wa bidhaa Dar? "Mtumiaji wako ni nani? Nini kinamsumbua? Utaanza na lipi? Utajuaje kwamba limefanya kazi?" Kazi nikaikosa, nikaja huku kuwa karani wa kupokea kahawa kwenye chama cha wakulima. Nilidhani maswali yale nimeyaacha Tanga. Kumbe nimekuja nayo!

Iko hivi. Kahawa mbivu ikichumwa lazima ifike kwenye mtambo wa kumenya siku hiyohiyo, la sivyo inachacha. Kila kijiji kina zamu yake, na zamu hubadilika, kwa hiyo ofisi huwatumia wakulima ujumbe wa simu. Lakini watu wa kijiji cha Namswea walikuwa wakija siku isiyo yao, wanarudishwa, na kahawa inalala. Jumanne moja alikuja Mama Tasiana na kiroba kichwani. Nikanusa: imechacha. Nikaikataa. Hakunigombeza, dada. Alikaa kwenye nyasi akaanza kuichambua punje mojamoja, akitafuta iliyo nzima. Mchana ule chakula hakikupita.

Meneja wetu, Bwana Ndunguru, akasema wakulima hawasomi ujumbe, tuwatengenezee programu ya simu yenye picha na rangi. Akaniagiza niichore mimi. Ungeniona nilivyofurahi! Nimeshika kalamu tu, nikasikia sauti yako: mtumiaji wako ni nani? Nikafunga daftari, nikapanda pikipiki mpaka Namswea.

"Mama, ujumbe wetu huwa unaupata?"

"Ujumbe upi, mwanangu? Simu ni ya mume wangu, naye yuko Mbamba Bay kuvua dagaa wa usipa tangu Pasaka."

Dada, tulikuwa tunamtangazia mvuvi ziwani siku ya kuchuma kahawa mlimani! Nyumba nyingi nilizopita ni hivyohivyo: wanaochuma ni wanawake, simu wanazo wanaume. Nikamuuliza ni kitu gani wote wanakisikia.

"Kengele ya kigango, kanisa letu la hapa kijijini," akasema. "Hata ukiwa bondeni."

Nilirudi kwa meneja nikijua mkataba wangu unaisha msimu huu. "Nipe wiki mbili, kijiji kimoja, tuwaite kwa kengele ya kanisa. Ikishindikana nachora programu yako bila kubisha."

Akanitazama. "Wewe Mwislamu wa Tanga unakwenda kumwomba katekista kengele?"

"Ndiyo, mzee."

Akacheka mpaka akakohoa.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Katekista alikubali, akagonga asubuhi, wanawake wakatoka mbio wakiuliza nani amefariki. Hatukuwa tumewaambia! Jumapili akatangaza baada ya ibada: mapigo matatu, kimya, matatu tena, hiyo ni kahawa.

Zamu iliyofuata Namswea walikuja mstari mzima, kahawa nyekundu inang'aa. Sikurudisha hata kiroba kimoja. Mama Tasiana alifungua chake mbele ya pua yangu. "Haya, nusa!" Nikanusa, wote wakacheka, na mimi machozi yakanilenga.

Programu imewekwa pembeni kwanza. Mkataba umeongezwa, na Jumatatu natumwa kijiji kingine, Matiri. Nilipomuuliza meneja kama niwapelekee na wao kengele, alinishangaa.

"Kwanza kawaulize," akasema.

Mbusu mama mikono. Nisalimie shangazi Zuhura wa duka la kanga, na shemeji fundi baiskeli mwambie sweta lake ndilo la ndani, linanikaa vizuri.

Mimi mdogo wako, mwenye furaha kuliko siku zote,
Bakari