Radi Juu ya Matuta

Antonito, 14 Julai

Mdogo wangu Eloy,

Hujambo? Sisi wazima. Mgongo wako vipi, bado wanakulaza kwenye godoro lile jembamba?

Jumamosi niliwapeleka watoto kwenye hifadhi ya matuta ya mchanga, kama ulivyowaahidi kabla hujaingia gerezani. Mbwa wenu Chato naye tulimpakia nyuma ya pikapu, akabweka njia nzima. Benito alicheza kijitoni hadi suruali ikajaa mchanga. Rosaura alipanda tuta bila kupumzika, miguu kama ya mbuzi. Chato ameungua nyayo kidogo, nimempaka dawa. Mvua ikaturudisha mapema.

Rosaura atakuandikia mwenyewe.

Dada yako,
Ermelinda

Gerezani, 22 Julai

Dada, shikamoo.

Mgongo una nafuu. Moyo ndio hauna.

Leo nimepata barua ya Rosaura, mistari miwili tu: “Baba, Chato hasikii tena. Naomba nihamie kwa bibi, kule Pueblo.” Hata jina lake hakuandika.

Mchanga wa moto unaunguza nyayo, dada. Hauzibi masikio. Umenificha nini?

Mdogo wako,
Eloy

Gerezani, 9 Agosti

Ermelinda,

Wiki mbili na zaidi, kimya. Nikipiga simu, haipokelewi. Tangu mke wangu Corina afariki, watoto hawa niliwaweka mikononi mwako, si mwa mtu mwingine. Nimemwomba wakili amwandikie hakimu wahamie kwa bibi yao. Kama una neno, liseme sasa.

Eloy

Antonito, 13 Agosti

Eloy,

Watoto wazima, hilo lijue kwanza. Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana.

Siku ile nilitoka kazini, kule ghala la viazi, saa sita mchana. Kila mtu wa bonde hili anajua kwamba Julai hupandi matuta mchana, kwa sababu ya radi. Nami najua. Lakini niliwakuta wamekaa mlangoni na viatu miguuni tangu asubuhi, nikashindwa kusema hapana.

Tulikuwa juu ya tuta wingu lilipotokea upande wa milimani. Nywele za Benito zikasimama wima. Yeye akacheka. Mimi nikajua radi iko juu yetu.

“Tushuke! Sasa hivi!”

Radi ikalia. Chato akachomoka kwenye mkanda wa shingoni, akakimbilia ng'ambo ya tuta. Rosaura akamfuata.

“Rosaura, rudi! Mwache huyo mbwa!”

“Siwezi, shangazi!”

“Nimesema mwache!”

“Siwezi!”

Benito alikuwa mgongoni kwangu, ananikaba shingo. Nikamwona dada yake anatokomea upande wa pili. Nikageuka, nikashuka. Nilimwacha, Eloy. Hilo ndilo nililokuficha.

Benito nilimkabidhi mama mmoja pale kijitoni, nikapanda tena na askari wa hifadhi. Radi ilipiga kilele tukiwa bado chini. Sijui nilipandaje. Tulimkuta kwenye shimo kati ya matuta mawili, amelala kifudifudi, amemkumbatia Chato. Hakuwa na jeraha hata moja. Chato ndiye amekuwa kiziwi kwa mshindo wa radi. Ukimwita akiwa amekupa mgongo, hageuki.

Askari alisema nilifanya sawa, nisingeweza kuwabeba wote wawili. Lakini ndani ya gari Rosaura aliniuliza, “Angekuwa Benito ndiye amekimbia, ungemwacha?”

Sikumjibu. Tangu siku hiyo ni shikamoo na asante, basi. Anakula, anaosha sahani yake, anatoka nje kukaa na mbwa.

Ukitaka aende Pueblo, sitapinga. Nimeshatoa mabegi uvunguni.

Dada yako,
Ermelinda

Gerezani, 20 Agosti

Dada Ermelinda, shikamoo.

Barua yako niliisoma uani, nikairudia mpaka kengele ikalia. Nilikasirika, sikufichi. Nilitaka kukuuliza swali lile lile la Rosaura.

Kisha nikakumbuka jambo usilolijua. Aprili, alipotimiza miaka kumi, nilimwandikia hivi: “Chato ndiye aliyebaki badala yangu. Usimwache popote, hata iweje. Ukimpoteza yeye, umenipoteza mimi.” Niliyaona maneno matamu. Nilikuwa mpweke, nikataka awepo mtu wa kunililia huko nje. Mtoto akayachukua kama amri.

Alipokuambia “siwezi”, hakuwa anakujibu wewe. Alikuwa ananitii mimi.

Leo nimemwandikia kwamba kosa ni la baba yake, na kwamba mbwa ni mbwa, tumpende tu. Wakili nimemwambia asimpelekee hakimu kitu. Rosaura mwenyewe akitaka bado kwenda Pueblo, aende. Tumemtwisha vya kutosha.

Ila swali lake usiliache hewani. Mkalishe, umjibu. Hata kama jibu ni “sijui”.

Jumamosi ya tarehe 30 ni siku ya wageni. Njoo nao. Akikataa kupanda gari, usimbembeleze. Abaki kwa jirani, wewe uje na Benito. Kuanzia saa tatu nitakuwa nimekaa mezani, nikiangalia mlango.

Mdogo wako,
Eloy