Kati ya Gari Jeusi na la Kijivu, Mume Wangu Anataka Linaloona

Mshauri wetu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uniwie radhi kwa barua ndefu, nimejaribu kuifupisha nikashindwa kwa sababu jambo lenyewe limenikaa kooni na nyumbani hakuna wa kumwambia. Mimi ni fundi wa mapazia na makochi, nina karakana yangu na mafundi chini yangu, na mume wangu ni dereva mstaafu, maisha yake yote ameendesha wakubwa, leo mkurugenzi kesho balozi, yale magari marefu yenye vioo vyeusi, na katika hayo yote hakuna hata moja lililokuwa lake, jioni alikuwa anarudi nyumbani kwa miguu amekunja koti mkononi. Mtaani wanamwita Usukani. Hajawahi kukwaruza bampa ya mtu, na hili silisemi kwa kuwa ni mume wangu, waulize hata mafundi wa gereji.

Sasa Mungu akanifungulia, nikapata kazi ya mapazia ya hoteli moja kubwa, ikazaa nyingine, na watoto wakasema, mama, baba amefungulia watu milango ya magari miaka yote, mnunulie naye gari la maana. Nikasema sawa, ila achague mwenyewe, maana mimi kwenye gari najua viti tu.

Tukaenda yadi, tukatazama, tukachuja mpaka yakabaki mawili, yote marefu, yote ya kifahari, yote yanatushinda kimo na sisi tunajikaza tusionyeshe. Jeusi ni la namna ile aliyoizoea kazini, zito, injini inanguruma kwa chini, viti vya ngozi halisi, nilipapasa mshono nikakuta umepigwa mara mbili na umenyooka, aliyeushona si mtu wa mchezo. La kijivu ni la kisasa, ndani lina skrini pana kama dirisha la jikoni, lina kamera kila upande, ukisogelea ukuta linapiga kelele, ukihama mstari linatikisa usukani, na muuzaji anasema mtu akikatiza mbele ghafla linafunga breki lenyewe. Siku ile ya kwanza mume wangu alilizunguka hilo la kijivu akacheka mpaka akashika kiuno. "Hili ni gari au kasuku?" akamwuliza muuzaji. "Kijana wangu, dereva wa kuambiwa hapa pana ukuta, huyo ni abiria." Kwake yeye gari zuri ni lile unalolisikia kwenye nyayo, na hapendi kelele garini, hata redio kwake haijawahi kufunguliwa. Basi mimi nikajua limeisha hilo, tumechukua jeusi.

Tuliporudi kuyajaribu barabarani tulianza na jeusi, yeye kwenye usukani, muuzaji pembeni yake, mimi nyuma. Barabara kuu tuliipita vizuri sana, ile anaijua tangu ikiwa vumbi, kila tuta analo kichwani. Kisha muuzaji akatuelekeza barabara mpya inayopita mbele ya zahanati, na pale kwenye kivuko alikuwepo mwanamke mwenye mtoto mgongoni, gauni la manjano, yuko katikati ya barabara kabisa, na mume wangu hapunguzi. Nikasubiri apunguze. Hapunguzi. Nikapiga ukelele, "Baba, simama!" akakanyaga breki sote tukaenda mbele, na yule mwanamke akaruka akashika mtoto wake kwa mikono miwili akatukodolea macho. Na unajua muuzaji alisema nini? Alicheka, akasema, "Mmeziona breki hizo? Hizo ndizo breki." Mume wangu hakucheka. Aliitoa mikono kwenye usukani, akaificha mapajani.

Tukahamia la kijivu. Mbele kidogo ya yadi mkokoteni wa magunia ukajitokeza kutoka kichochoroni, na kabla sijafungua mdomo gari likaanza kulia, likajipunguza lenyewe, likasimama, na mume wangu akashusha pumzi ndefu mpaka nikaisikia kule nyuma. Akaupapasa usukani. "Hili ndilo," akasema.

"Si kasuku tena?" nikamtania.

"Umri umefika, mama. Acha gari nalo lifanye kazi kidogo."

Mshauri, hapo ndipo moyo uliponidondoka. Mimi nimekaa na mtu huyu mpaka tumekuwa na wajukuu, namjua, asingelichagua lile gari akiwa mzima. Nikaanza kukumbuka vitu nilivyokuwa navipita. Zamani jioni alikuwa ananitungia uzi kwenye sindano na kunicheka kwamba fundi mzima haoni tundu, siku hizi nikimpa ananirudishia, "sindano zako za siku hizi zimeziba." Chai anaimimina huku kidole kimoja kiko ndani ya kikombe. Kwenye korido anapita na mkono ukutani. Kijana wa jirani akimwamkia anaitikia vizuri, lakini akipita kimya, mume wangu naye anapita kama hajaona mtu, na watu wameanza kusema amekuwa na maringo.

Na jambo linalonitoa usingizi ni hili, kila asubuhi yeye ndiye anayewapeleka wajukuu shule kwa kigari chetu cha zamani. Nimezoea kupanda nao, nasema naelekea karakana, na njiani naongea kama chiriku, "mtazame yule na baiskeli yake, anakuja kushoto kwetu bila haraka," "haya, taa imekuwa nyekundu, wacha nipumue," naifanya kama umbea, naye anapunguza, anasimama, tunafika. Hatujawahi kuambizana kitu.

Nilijaribu mara moja. Nikasema, baba, macho yananiwasha, twende wote tukapime. Akaweka kijiko chini akaniambia, "Siku utakayoniambia sioni, mama, siku hiyo utakuwa umenizika. Nitakuwa nani?" Nikaondoa vyombo.

Sasa mwisho wa mwezi tunakamilisha malipo. Binti yetu, mama wa hao wajukuu, anashikilia tuchukue jeusi, anasema ndilo imara, litadumu, na ndilo baba alilokuwa analisifia. Yeye hajui. Mimi nafikiria la kijivu, nasema pengine kamera zile zitamlinda, heshima yake ibaki, mimi niendelee kukaa pembeni, mambo yaende. Naomba ushauri wako, tuchukue lipi? Kama la kijivu linaona kweli kama asemavyo muuzaji, kuna ubaya gani likamwonea na njia? Usitaje jina langu wala la mji, tafadhali.

Ni mimi, mke wa dereva.

MSHAURI ANAJIBU

Mama, kwanza pole. Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikaichukua tena. Kumpenda mtu mpaka ukageuka macho yake, ukavaa na sura ya mmbea ili asione aibu, si jambo dogo. Wengi wasingeweza.

Sasa nipe ruhusa nikugombeze.

Umeniuliza lipi kati ya magari mawili, nami nitakujibu: hakuna, si mwezi huu. Gari la kijivu limetengenezwa kumsaidia dereva anayeona aliyepitiwa kidogo. Kamera ikirukiwa na tope haioni. Mvua ikinyesha inababaika. Ile kengele inamwambia mtu atazame, sasa wako akiambiwa atazame, atazame kwa macho gani? Muuzaji hajakudanganya, ila hakujua unamwuliza nini. Ulikuwa unamwuliza kama chuma kinaweza kufanya kazi uliyoshindwa kuifanya wewe kwa mdomo wako, mezani, siku ile ulipoondoa vyombo.

Nikuulize habari ya yule mwanamke wa gauni la manjano. Barua yako nzima inahesabu heshima ya mume wako, na ni haki yako, lakini yule naye ana mtu anamsubiri nyumbani. Kama ungekuwa unapekua simu yako pale nyuma, leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine, au usingeandika kabisa. Na wajukuu unawaketisha kwenye kiti cha nyuma kila asubuhi, unawafunga mikanda kwa mikono yako! Ehe? Mama, umepotelewa na akili? Siku moja utakuwa na mafua, sauti imekauka. Siku moja utageuka kumfuta mtoto pua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayeficha ni mmoja, watakaoumbuliwa ni wengi.

Basi sikiliza. Kesho asubuhi watoto hawapandi kile kigari. Mpigie binti yako leo, umweleze ukweli wote, apange yeye jinsi ya kuwafikisha watoto wake shule. Atalia, mwache alie. Ukishamaliza naye, piga simu yadi useme mmeahirisha. Muuzaji akianza maneno matamu, kata simu.

Halafu daktari wa macho, wiki hii, na si daktari wa "macho yananiwasha." Mimi si mganga na sitakubahatishia, lakini najua kuna mtoto wa jicho, ambaye mara nyingi hutolewa mtu akaona tena, na kuna presha ya macho, ambayo inachokula hakirudi, ila huweza kuzuiwa isile kilichobaki. Kila wiki unayokaa ukimsimulia barabara huenda unamla wewe macho yake. Nimelisema kwa ukali kwa makusudi.

Najua kinachokutisha zaidi ni kumwambia. Unadhani utamfichulia siri. Hebu fikiri kidogo. Umeniambia mwenyewe ni mtu asiyetaka kelele garini, hata redio. Leo mtu huyo anakuacha upige porojo kutoka mlangoni mpaka getini shuleni, hajakwambia nyamaza hata mara moja. Kwa nini, mama? Kwa sababu anakusikiliza, anaendesha kwa maneno yako. Anajua kwamba unajua, na yuko peke yake na hilo kama ulivyo wewe peke yako. Mnalala kitanda kimoja, kila mtu amejifunika uongo wake. Alipokuuliza "nitakuwa nani?" hakuwa anakufungia mlango. Aliuliza, na wewe hukumjibu.

Mjibu. Mwambie, utakuwa mume wangu, yule yule. Usimwambie mbele ya watoto, wala usimwambie garini, atajiona ameshtakiwa kwenye kiti chake. Mwambie mchana, mkiwa wawili, umeshika mkono wake. Usianze na macho, anza na hofu yako. Sema, "Baba, siku ile ya zahanati niliogopa, na bado naogopa." Akikasirika, vumilia. Akinyamaza siku nzima, mpikie, kaa naye. Akitaka kuchukua funguo aonyeshe kwamba anaweza, funguo ziwe kwako, na hapo usibembeleze. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, na moyo wake utakufa kweli siku atakapomgonga mtoto wa mtu, yeye ambaye hajawahi kukwaruza bampa.

Na magari? Yatakuwepo. Macho yakitengenezeka, mrudishe yadi umwache achague. Akianza tena kulitukana la kijivu, mshukuru Mungu, amepona. Yasipotengenezeka, nunueni mnalolipenda, mkaajiri dereva. Na huyo dereva afunzwe na mume wako, kila kona na kila tuta, maana ujuzi wa mtu kama yeye haumo kwenye macho peke yake, na vijana wengi walioko barabarani leo wangefaidika kukaripiwa naye. Siku ya kununua mkayalinganishe tena yale mawili, mkiwa mmekaa nyuma wote wawili. Mshono utaukagua wewe.

Jina lako sijalitaja, kama ulivyotaka. Wanaoniandikia huogopa gazeti lisije likafika mezani kwao, wakaomba niwafiche. Hili gazeti kwako litafika, na mwenzako hataweza kulisoma. Kwa hiyo mama, ukikosa pa kuanzia, funga mlango, keti karibu naye, umsomee kwa sauti kuanzia mstari wa kwanza. Ukifika hapa, nyamaza, umwache aseme yeye.