Mistari Minne ya Ciakuthii

Kibugu, Embu
11 Mei 2025

Kwa Babu Mbaabu,

Natumai barua hii itakukuta mzima na mguu umepoa. Mimi niko salama, ila baridi ya huku kwenye mashamba ya chai inatulaza na soksi.

Babu, Mwalimu Njagi wa Historia ametutaka kila mmoja aandike habari za baraza la wilaya lililokuwa kwao kabla ya kaunti kuanza mwaka 2013. Wenzangu wanahangaika kutafuta wa kuuliza. Mimi ninaye aliyekuwa karani wa Baraza la Kamwiria! Nieleze lilifanya nini, na lilipataje kiwanja cha Soko la Chini. Niandikie, usipige simu shuleni. Wewe mwenyewe husema simu haitunzi maneno.

Mjukuu wako,
Karambu

Kangeta
20 Mei 2025

Kwa Karambu, jina la mama yangu,

Salamu zimefika. Mguu unatembea, ingawa bibi yako anasema unatembea ukisikia harufu ya chakula tu.

Baraza lilikuwa na lori moja na madiwani kumi na wanne waliogombania lori hilo. Tulijenga josho la ng'ombe, tukaajiri walimu wa chekechea, tukatoza ushuru wa miraa iendayo Nairobi. Kikao kilikuwa kwa Kimeru, mimi nikiandika kumbukumbu kwa Kiingereza. Mwenyekiti alipenda kunisifu: "Mbaabu, wewe unaweza kuitia siku nzima kwenye karatasi moja!"

Kiwanja cha soko kilitolewa na mjane Ciakuthii, mwaka 1996. Andika hivyo, inatosha.

Babu yako,
Mbaabu

Kibugu
1 Julai 2025

Babu mpendwa,

Nilirudi shuleni salama baada ya mapumziko huko nyumbani. Wewe na Bibi mnaendeleaje?

Kuna jambo nililoshindwa kulisema mezani. Jumapili, kabla ya kusafiri, nilimpitia Ciakuthii. Alikuwa akichambua maharagwe. Nikamwambia nataka kuandika jinsi alivyotoa kiwanja. Akacheka, lakini si kwa furaha.

"Nilitoa? Mwanangu, nilisema watu wauzie hapo mpaka baraza lijenge soko lingine, kisha shamba lirudi kwa watoto wangu. Nilisimama nikayasema. Muulize babu yako, ndiye aliyeshika kalamu."

Soko jipya lilishajengwa kule barabarani, na mabanda ya zamani ni matupu. Tarehe 17 Julai maofisa wa ardhi watakaa hapo kuamua kiwanja ni cha nani. Kaunti ina kumbukumbu za baraza. Ciakuthii ana mdomo wake tu. Binti yake Veronicah amepanga chumba mjini Maua, hana pa kujenga.

Babu, alisema hivyo?

Mjukuu wako,
Karambu

Kibugu
13 Julai 2025

Babu,

Hujambo? Bibi hajambo? Sijapata jibu, labda barua imekwama posta. Insha yangu nayo imekwama mwaka 1996. Nimeacha mistari minne wazi. Zimebaki siku nne. Sina hasira nawe, nakuomba tu.

Karambu

Kangeta
19 Julai 2025

Karambu, mama,

Sisi tu wazima. Barua haikukwama. Mimi ndiye niliyechelewa, miaka ishirini na tisa.

Alisema hivyo, kila neno. Siku hiyo mambo ya kikao yalikuwa kumi na moja na karatasi ilikuwa imejaa. Nikaandika kwamba Ciakuthii ametoa kiwanja, nikafunga. Nilijiambia masharti yake yanajulikana na kila mtu, ya nini kuyaandika? Sasa waliojua wamekufa. Lakini nina daftari langu la mkono, la Kimeru, lenye maneno yote. Lilikuwa chini ya mablanketi ya bibi yako, na nilijua liko hapo.

Jumatano nilimpelekea Ciakuthii ncoolo, lile fungu la miraa tunalofunga kwa majani ya mgomba tukienda kuomba jambo zito. Ukiomba msamaha na lisifunguliwe, hujasikilizwa. Akaliweka mezani. "Likae hapo, Mbaabu. Mimi nilisema mbele za watu. Nawe sema mbele za watu."

Alhamisi nilisimama sokoni. Mtu akapaza sauti, "Karani! Siku ile wino uliisha?" Watu wakaangua kicheko. Nikasoma daftari hadi mwisho. Maofisa wamelichukua, na hawatatoa hati kabla ya kusikiliza tena mwezi wa tisa. Sijui itaishaje.

Jioni nilipita kwake. Mbuzi alikuwa mlangoni akitafuna majani ya mgomba. Ciakuthii alinivutia kiti.

Andika yote, na jina langu pia.

Babu yako,
Mbaabu

Kibugu
27 Julai 2025

Babu mpendwa,

Nimefurahi kujua mko wazima. Mimi pia, na barua yako nimeisoma mara tatu.

Mwalimu Njagi anasema insha ni nzuri, ila alitaka kurasa mbili na yangu ina tatu. Alichora mstari kando ya maneno ya Ciakuthii, akasema hayo naweza kuyafupisha.

Nimeondoa lori. Nimeondoa josho, na zile sifa za mwenyekiti, unisamehe. Maneno ya Ciakuthii yako yote, kwa Kimeru kama alivyoyasema, na Kiswahili chini yake. Sasa ni kurasa mbili na mistari minne. Nimemwomba mwalimu aniachie hiyo minne. Hajajibu, lakini hakukataa.

Tunafunga Ijumaa. Nitashukia kwa Ciakuthii kwanza, nimsomee. Njoo unisubiri huko, Babu. Kiti unacho.

Mama yako,
Karambu