Tepu Kwenye Mlango wa Bluu

Jumatatu, 4 Machi

Dada bado kaninunia. Siku ya nne leo! Kisa: Alhamisi aliweka kiganja kwenye boneti iliyotoka kupakwa seramiki, ile dawa ya kulinda rangi, nikamfokea mbele ya mteja. Kazi yako makaratasi, gari usiguse! Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Lakini boneti ilikuwa mbichi — alama ya kiganja ingekaukia pale pale. Kwa hiyo haki ni yangu. Nadhani.

Sasa tunaongea kwa karatasi. Baba mmoja, mama mmoja, karakana moja, na tunaandikiana barua. Anaandika, anaikunja, anaiacha mezani, anarudi kwenye chai yake. Nasoma nikipenda.

Mchana limeingia gari jingine. Dogo, la bluu iliyokoza, umri wake miaka ishirini na ushee. Mwenyewe ni mama mtu mzima, mpole, mkoba kaupakata mikono miwili. Shikamoo mama. Marahaba, mwanangu. Basi, akahamia kwa Dada. Niliwaona wameinama kwenye mlango wa nyuma, mama ananyoosha kidole, Dada anaitikia kwa kichwa na kuandika. Kompresa ilikuwa inaunguruma, sikusikia neno.

Jumanne, 5 Machi

Nimepiga picha kila upande kabla ya kazi, kama kawaida. Nimeosha mara mbili. Kisha donge la udongo la kunasia uchafu — nimelisugua juu ya bati lote mpaka likageuka jeusi. Rangi imechoka lakini haijafa. Kipimo kinaonyesha bado ina unene wa kutosha.

Halafu nikaona kitu. Mlango wa nyuma kushoto, chini ya kitasa, kipande cha tepu, urefu wa shubiri. Dada huyo! Raba na taa tunaziziba kwa tepu, hilo linajulikana. Lakini kipande kimoja peke yake katikati ya bati, hapa kwetu kina maana moja: pana kasoro, pasugue mpaka iishe. Kumbe ameshajifunza kazi kwa kuchungulia tu. Nimefurahi kweli. Nilitaka kumwambia ahsante. Sikumwambia — nani aanze?

Jumatano, 6 Machi

Nimebandua tepu, nikawasha taa. Si mkwaruzo wa kawaida. Herufi! MIMI. M ya pili imepinduliwa miguu juu. Kimo cha kifua cha mtoto wa miaka sita hivi. Nimecheka peke yangu. Mtoto gani huyu, badala ya kuandika jina lake anaandika mimi!

Nilisimama kidogo na mashine mkononi. Kuna kitu kiliniambia uliza kwanza. Dada alikuwa hatua kumi tu, anapuliza chai. Lakini nikimuuliza, nimeshindwa. Karatasi yake ipo mezani tangu juzi, imekunjwa. Nikajiambia, mteja gani analeta gari kwa fundi ili aache mikwaruzo?

Msasa laini na maji. Polishi ya kukata, sponji ngumu, kisha sponji laini. Kupima, kusugua, kupima. Nilianza na I ya mwisho. Saa mbili nzima kwa sehemu ya shubiri moja! Sasa mlango umekuwa kioo, najiona hadi nywele za puani.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya seramiki. Milango ya karakana imefungwa, sakafu imemwagiwa maji, vumbi lisipande. Nimefuta gari lote kwa spiriti. Matone machache kwenye kitambaa, unapaka kwa urefu, halafu kwa upana. Kisha unangoja. Kunatokea rangi rangi kama mafuta juu ya dimbwi — hapo ndipo unafuta. Ukiwahi, unaiondoa. Ukichelewa, imekuwa jiwe, ni mashine tu itakayoitoa.

Chochote kilicho chini yake kinabaki huko. Mkwaruzo, unyoya, alama ya kidole. Ndiyo maana tunasafisha kwanza. Nimemaliza na ule mlango wa nyuma kushoto. Sijawahi kufanya mlango mzuri kama huo. Kesho nitamwita Dada auone. Basi, nitaanza mimi. Mdogo ndiye huanza.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwita. Akaja, na uso wake ulikuwa umeshalegea. Nikamwonyesha mlango. Akaweka mkono mdomoni.

"Ile tepu umeitoa?"

Maneno yake ya kwanza kwa siku nane.

Niliibandika ili usiguse, akasema. Kila kitu nimekuandikia.

Nimeikunjua karatasi nikiwa nimesimama. Nikaketi. Mwandiko wake mzuri, wa shule. Mtoto wa yule mama aliandika hapo kwa jiwe, akiwa na miaka sita. Baba yake akataka kupaka rangi upya, mama akakataa. Mwaka juzi mtoto alifariki, akiwa na miaka ishirini na tatu. Rangi inachoka na maandishi yanafifia, siku hizi mpaka ayapulizie pumzi ndipo yanatokea. Kasikia seramiki inahifadhi. Hilo ndilo lililomleta. Anaomba tufunike pale, yasifutike tena. Na chini, kwa herufi kubwa: HAPO USIGUSE.

Hatua kumi! Hatua kumi na mdomo wangu mwenyewe.

Majuto ni mjukuu, mama yetu alikuwa akisema. Mimi hata mtoto sina, mjukuu huyu kanifikia.

Picha ninayo, ile ya Jumanne. Tepu imeziba katikati, nikiikuza zinaonekana kwa mbali M ya kwanza na nusu ya I ya mwisho. Nilichukua msumari nikajaribu kwenye bati bovu huko nyuma. Mara ya kwanza, ya kumi. M yangu ya pili haikubali kupinduka kama ile yake. Dada alinikuta nimechuchumaa.

"Utaandika kwa mkono gani? Wa miaka thelathini na minane?"

Hakunifokea. Angenifokea ningepata nafuu. Akasema kosa ni letu wote wawili, angeniambia kwa mdomo. Nikamwambia hapana. Herufi niliziona, nikajua ni herufi. Nikamwomba radhi kwa kumfokea Alhamisi ile. Akasema hiyo ameshaisahau, nifikirie ya kesho, mwenyewe akija kuchukua gari.

Jumamosi, 9 Machi

Mwenye gari amekuja mapema. Nilikuwa nimepanga maneno: nimwambie getini, kabla hajaliona gari. Shikamoo mama, kuna jambo. Marahaba, mwanangu, ngoja kwanza nilione gari langu! Akanipita.

Amelizunguka kuanzia mbele. Anasifu kila kitu. Linang'aa kama siku tulipolinunua, anasema, Mungu aibariki mikono yako. Mikono yangu! Nikasema naleta simu, nimwonyeshe picha. Nimeingia ofisini. Simu iko mfukoni, ilikuwa mfukoni muda wote. Badala ya kutoka nimeketi, naandika. Mwoga mimi.

Dada yuko mlangoni. "Nenda," anasema. Polepole, bila hasira. "Nitakwenda nawe."

Namwona yule mama kupitia dirisha. Amefika upande wa kushoto. Ameweka mkoba chini — mara ya kwanza naona anauachia. Amepiga magoti, uso karibu na bati. Anapulizia pumzi. Ukungu unatanda, unafutika. Anapulizia tena.

Nasimama sasa. Anasogea kidogo kushoto, anapangusa kwa ncha ya mtandio, anapulizia hapo. Anadhani amekosea mahali.